Chenga za uwanjani raha, chenga za redioni karaha

Shabiki wa Kanda ya Ziwa, kabla hujamlaumu mtangazaji, kagua kwanza antena ya gari lako

MWANZA. Dakika ya 88, matokeo bado sare. Mtangazaji anasema inapigwa kona, sauti inapanda, jina la mpigaji linaanza kutajwa, halafu spika za gari zinatoa "shhhhh" mpaka abiria wa nyuma wanapiga kelele. Sauti ikirudi watu uwanjani wanashangilia, lakini ndani ya gari hakuna anayejua nani kafunga.

Hiyo ndiyo hali ya shabiki anayesafiri kandokando ya Ziwa Victoria siku ya mechi. Akiwa Kisesa redio inapiga safi. Akifika Magu inaanza kukwaruza. Akipita Lamadi kuelekea Bunda, au akikata kulia pale geti la Ndabaka kuingia Serengeti, anabaki kuomba Mungu.

Kwa madereva wa magari ya watalii, zile Land Cruiser zenye mkonga wa hewa pembeni, suala hili lina uzito wa pili. Magari yao mengi yana redio mbili: ya kusikilizia mpira na ile ya mawasiliano ambayo wengi wanaiita radio call. Akitokea fundi akazifunga zote mbili kwenye antena moja bila utaalamu, dereva anaweza kukosa mpira na pia kukosa msaada siku amenasa kwenye tope jeusi la ukanda wa magharibi wa hifadhi, jua linazama na simu haishiki.

Habari njema ni kwamba antena moja kufanya kazi mbili ni jambo linalowezekana, na vifaa vyake vipo. Kazi iko kwenye ufungaji.

BAO LILILOSIKIKA, HALIKUONEKANA

Soka la Tanzania lilikua na redio. Agosti 1979, Taifa Stars ilipokwenda Ndola kurudiana na Zambia kuwania tiketi ya fainali za Afrika za 1980 kule Lagos, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Bao la Peter Tino lililoleta sare ya 1-1 na kuipeleka Stars Nigeria lilifika kwa Watanzania kwa masikio.

Mwaka huohuo Simba ilichapwa 4-0 na Mufulira Wanderers jijini Dar es Salaam, watu wakaizika, kisha ikaenda Lusaka na kushinda 5-0. Mtu ambaye hakuwa na redio siku ile alisubiri gazeti.

Hapo ndipo yalipojengwa majina ya watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, waliokuwa na uwezo wa kukupeleka uwanjani ukiwa umekaa chini ya mwembe. Iliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, leo ni TBC Taifa.

Mwanza nayo ikaingia kwenye ramani miaka ya 1990, pale Radio Free Africa ilipoanza kurusha matangazo kutoka jijini hapa. Mbali na FM, kituo hicho kilijulikana kwa masafa ya kati ya kilohezi 1377, sauti iliyovuka ziwa na kwenda mbali kuliko FM yoyote ya mjini.

Leo kuna televisheni, kuna simu, kuna mechi za moja kwa moja kila wiki. Lakini anayetazama kwenye simu anajua maumivu yake: jirani mwenye redio anapiga kelele ya bao, wewe kwenye kioo chako mpira bado uko katikati ya uwanja. Intaneti inachelewesha picha kwa sekunde nyingi, na bando nalo linaisha. Redio ya kawaida mara nyingi inawahi, haili bando, na dereva anaisikiliza macho yakiwa barabarani.

KWA NINI INAKATA

Mawimbi ya FM yanakwenda karibu mstari ulionyooka, kama pasi ndefu ya chini. Akisimama beki katikati, pasi inakufa. Mwanza beki hao wamejaa, ndiyo maana inaitwa jiji la miamba. Ukiwa nyuma ya mlima, wimbi linakufikia likiwa limegonga jiwe moja au mawili. Yale yaliyogonga yanachelewa kidogo kuliko yaliyokuja moja kwa moja, yanapokutana kwenye antena yanapigana, na wewe unasikia sauti inakuja na kukatika kila gari linaposogea mita chache.

Kwenye maji mambo ni tofauti. Uso wa ziwa, ulio kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hauna kilima wala jengo. Ndiyo sababu mtu aliye ufukweni au ndani ya mtumbwi anaweza kushika kituo kilicho mbali, huku mwenzake aliye nyuma ya mlima hapohapo mjini anahangaika.

Masafa ya kati yenyewe yanatambaa na ardhi, na usiku yanapaa juu na kurudishwa na anga la mbali. Kwa hiyo giza likiingia unaweza kunasa vituo vya nchi nyingine. Ubaya ni kwamba vituo hivyo vinaweza kumpanda mtangazaji wako mgongoni. Pia masafa haya hayapendi radi, na Ziwa Victoria ni moja ya maeneo yenye radi nyingi sana duniani, hasa usiku. Ule mlio wa "krra, krra" mechi ya usiku ikiwa inaendelea ni radi inayopiga huko majini, hata kama kwako hakuna wingu.

Yote haya huwezi kuyabadili. Unachoweza kubadili ni kile kinachopokea, yaani antena, waya wake na namna vilivyofungwa.

GARI LA JAPANI NA VITUO VILIVYOPOTEA

Kabla ya kununua antena mpya, shabiki aangalie kwanza redio yenyewe. Magari mengi yanayoingia nchini yametumika Japani. Kule FM yao ya kawaida inaanzia megahezi 76 na kwa redio nyingi za zamani inaishia 90. Huku kwetu vituo viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana mtu ananunua gari safi, anawasha redio, anapata kituo kimoja au viwili, anafikiri antena imekufa.

Dawa inayotumika sana mitaani ni ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha namba. Ikiwa ni ya megahezi 20, kituo cha 100 utakikuta kwenye 80. Ikiwa ni ya 12, kituo hichohicho utakikuta kwenye 88.

Hapa wengi wanapigwa chenga. Ekspanda ya 20 inaleta vizuri vituo vya kuanzia 96 hadi 108, lakini vya chini ya hapo vinashuka hadi nje ya uwezo wa redio ya Kijapani. Ya 12 inaleta vituo vya 88 hadi 102, vya juu zaidi havifiki. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jua namba ya kituo unachosikilizia mpira, ndipo uchague. Na ukiwa na uwezo, badili redio kabisa uweke inayofika 108. Utakuwa umemaliza ugomvi, kwa sababu ekspanda nyingine huvuruga masafa ya kati na kuchanganya vituo vilivyo karibu.

ANTENA MOJA, KAZI MBILI

Sasa tuje kwa wale wenye radio call. Nje ya nchi, hasa Marekani, madereva wa malori na magari ya porini wamezoea redio za CB, zinazofanya kazi kwenye megahezi 27. Zina chaneli 40 na nguvu yake ni ndogo, wati 4 tu kwa mtindo wa AM, inatosha kuongea gari kwa gari kwa kilomita chache, na eneo likiwa wazi zaidi ya hapo. Huku kwetu magari ya watalii mengi yanatumia radio call za VHF, lakini CB huonekana kwenye magari ya wasafiri wa nchi kavu wanaozunguka Afrika. Kanuni ya kuchanganya antena ni ileile.

Antena inataka urefu unaolingana na wimbi. Wimbi la FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, ndiyo maana fimbo ya redio ya gari huwa karibu na hapo. Wimbi la CB lina mita 11, robo yake ni mita 2 na sentimita 75. Huwezi kutembea na fimbo hiyo chini ya miti na paa za vituo vya mafuta. Watengenezaji wanaifupisha kwa kuizungushia waya kama springi, yaani koili, fimbo inabaki na mita moja au moja na nusu.

Fimbo hiyo ndiyo inayotumika kwa redio zote mbili. Katikati kunakaa kiboksi cha kugawa. Kina njia tatu: moja inatoka kwenye fimbo, moja inakwenda kwenye redio ya mawasiliano, moja inakwenda kwenye redio ya mpira. Ndani yake kuna koili na kapasita zinazofanya kazi ya refa: wimbi la megahezi 27 linapita huku, la FM na masafa ya kati linapita kule.

Refa huyo ni muhimu kuliko fimbo yenyewe. Redio ya mpira imetengenezwa kusikia kitu kidogo sana kinachotoka mbali. Ukiiunganisha moja kwa moja na mtambo unaorusha, siku utakapobonyeza kitufe uongee, wati zote zinaingia ndani ya redio hiyo na kuichoma. Wapo mafundi wanaounganisha nyaya mbili kwa tepu na kusema "imekubali bosi". Inakubali mpaka siku utakapoongea.

Kiboksi kiwe cha masafa ya redio yako. Cha CB hakifai kwa radio call ya VHF, na cha VHF hakifai kwa CB. Na kama gari lina ekspanda, mpangilio ni huu: fimbo, kiboksi cha kugawa, ekspanda, redio. Ukiweka ekspanda kabla ya kiboksi, itaungua mara ya kwanza utakapobonyeza kitufe.

Ukweli mwingine usemwe. Mchanganyiko huu una gharama. Kiboksi kinakula sehemu ndogo ya nguvu pande zote mbili, na masafa ya kati ndiyo huumia zaidi. Mwenye nafasi na tundu mbili atapata matokeo bora kwa antena mbili zilizoachana, moja kila upande wa gari. Antena moja inamfaa mwenye tundu moja, anayepita kwenye vichaka, au asiyetaka kuwatamanisha wezi kwa fimbo mbili.

FUNDI, ANZIA HAPA

Mahali. Katikati ya paa la chuma ndiyo namba moja, kwa sababu bodi ya gari ni nusu ya antena. Lakini Land Cruiser nyingi za watalii zina paa linaloinuliwa, na chuma chake hakijaungana vizuri na bodi. Hapo madigadi ya mbele karibu na boneti inafaa zaidi. Bampa ya nyuma ni chaguo la mwisho: sauti haiendi sawasawa pande zote.

Eathi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapochemka. Kitako cha antena lazima kiguse chuma kitupu. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza nati. Kama kitako kiko kwenye keria au boneti, vuta waya mpana mfupi kutoka hapo hadi kwenye bodi, maana bawaba zenye grisi na kutu hazipitishi vizuri. Chukua mita, pima kati ya kitako na hasi ya betri. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikishakubali, paka grisi au rangi kuzunguka ili mvua na vumbi visilete kutu.

Waya. Upande wa CB tumia waya wa antena wa omu 50, kama RG-58. Waya wa redio ya mpira ni wa aina nyingine, usiunge huu kwa ule. Usiubane mlangoni, usiupitishe sambamba na nyaya za plagi au mota ya waipa. Unapoingia ndani ya gari, uache ushuke kidogo kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kufuata waya mpaka kwenye dashibodi. Maungio yote yachomelewe kwa risasi. Yaliyo nje yafungwe kwa tepu na kupakwa silikoni.

Umeme. Redio ya mawasiliano ichukue moto moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na redio. Waya ukikwanguka katikati ya safari, fyuzi iliyo mbali haikusaidii, gari linashika moto. Kitu kingine: baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zina umeme wa volti 24. Redio ya volti 12 ukiipa 24 inakufa palepale. Pima kwanza, kama ni 24 tafuta kifaa cha kushusha.

Usibonyeze kitufe cha kuongea kabla antena haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kutokea inarudi nyuma na kuua mtambo.

KIPIMO NDIYO VAR

Ukimaliza kufunga, usiamini macho. Tafuta mita ya SWR, kifaa kidogo kinachoonyesha nguvu kiasi gani inatoka na kiasi gani inarudi. Peleka gari mahali peupe, mbali na kuta na magari mengine, funga milango, watu wakae pembeni.

Pima chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Chini ya 1.5 ni safi. Kati ya hapo na 2 inavumilika. Ikifika 3 acha kuongea, kuna tatizo. Kama 40 inasoma juu kuliko 1, fimbo ni ndefu, ipunguze kidogo sana, milimita chache kwa wakati. Kama 1 ndiyo iko juu, fimbo ni fupi, ivute juu kama ina skrubu ya kurekebisha. Kama zote ziko juu, usiguse fimbo. Rudi kwenye eathi, mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Upande wa redio ya mpira, redio za zamani zina skrubu ndogo ya kurekebisha antena kwa ajili ya masafa ya kati. Utaratibu wake ni kutafuta kituo dhaifu karibu na kilohezi 1400, kisha kuzungusha skrubu taratibu mpaka sauti iwe kubwa kuliko zote. Kazi hiyo ifanyike nje ya mji. Ukifanya ukiwa chini ya mnara wa kituo, kila kitu kitasikika vizuri na hutajua kama umepatia.

Halafu winda makelele. Washa injini, sikiliza. Zima taa za LED za kwenye bampa, chomoa chaja ya simu, chomoa kamera ya dashibodi, kimoja baada ya kingine. Chaja za bei poa ni maadui wakubwa wa redio. Mara nyingi mtu amebadili antena mbili, kumbe mchawi ni chaja ya shilingi elfu chache.

KIBALI KWANZA

Kusikiliza mpira hakuhitaji kibali. Kurusha kunahitaji. Masafa ya mawasiliano nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Mamlaka ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Anayetaka kufunga CB au radio call aanzie huko: aulize masafa gani anaruhusiwa, kifaa gani kinakubalika na leseni inapatikanaje. Kununua kwanza na kuuliza baadaye ndiyo njia ya kupoteza kifaa na hela.

Na akishapata, aheshimu chaneli. Hamu ya kutangaza mabao kwa wenzako walioko Seronera inaeleweka, lakini dereva mwenye mgonjwa ndani ya gari anaweza kuwa anasubiri nafasi hiyohiyo aombe msaada. Matokeo yanaweza kusubiri.

KWA NINI SHABIKI WA MWANZA AJALI

Kwa sababu anasafiri sana. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Mbao FC ilipofika fainali ya Kombe la FA mwaka 2017 na kuisumbua Simba mpaka dakika 120, ikilala 2-1, mechi ilikuwa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri. Pamba, Wana TP Lindanda, imerudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya zaidi ya miaka 20, na watu wake wamerudi barabarani.

Upande wa Sengerema na Geita nako mambo yamebadilika. Zamani shabiki akitoka Kirumba kurudi nyumbani alikaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, na kama kuna mechi nyingine jioni, kipindi kizima kilimkuta palepale akiwa na redio. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya maji hadi Busisi. Magari hayasubiri tena, yanapita. Maana yake ni watu wengi zaidi barabarani usiku baada ya mechi.

Misafara hiyo huenda kwa magari matatu, manne, kumi. La mbele linakimbia, la nyuma linapata pancha, simu ya dereva imeisha chaji au mtandao hakuna, na wenzake wanagundua wamepungua wakiwa wameshafika mbali. Gari la mbele na la nyuma yakiwa na redio zilizofungwa vizuri na zenye kibali, msafara unabaki kitu kimoja. Redio ya mpira inawaweka macho, ya mawasiliano inawarudisha nyumbani.

Tanzania inasubiri kuandaa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Barabara za kanda hii, kutoka Mutukula hadi Sirari, zitaona mashabiki wa nchi zote tatu wakipishana. Wengi watakuwa kwenye magari, na wengi watasikia mabao badala ya kuyaona, kama wazee wao mwaka 1979.

CHEKI LISTI YA SIKU YA MECHI

Kaza fimbo kwa mkono, isitikisike. Angalia waya haujabanwa na mlango. Hakikisha kituo unachotaka kiko kwenye redio yako, si kwenye ya jirani. Jaribu radio call kwa neno moja na mwenzako aliye mita mia kadhaa. Ukifika uwanjani, fungua fimbo uiweke ndani ya gari, maana ukitoka na ushindi halafu ukakuta tundu tupu, furaha inapungua nusu. Kwa kuosha gari, fungua pia.

Na kazi hii ifanyike siku mbili kabla, sio saa moja kabla ya mpira kuanza. Fundi anayeharakishwa huacha rangi chini ya nati, na rangi hiyo ndiyo itakayokukatia sauti dakika ya 88.